Mbithi na Gia ya Tatu

Ukitaka kumkasirisha Mbithi, muulize kama amemaliza. Nimemjua tangu Norman wangu akiwa wa kubebwa mgongoni, wakati nilipokuwa nikiuza taa na vioo vya magari juu ya gunia kando ya barabara pale Satellite, jijini Nairobi, na sijawahi kumsikia akijibu swali hilo kwa adabu. Husema ukiona ananawa ujue amemaliza. Mwenye gari akiwa mbishi, humwambia kwamba hata mwenye mimba haulizwi hivyo.

Ni fundi wa giaboksi. Hagusi breki, hagusi umeme, na ukimletea gari linalochemsha maji atakuonyesha fundi wa jirani kwa kidevu na kuendelea na shughuli yake. Alizaliwa upande wa Kathiani, akaja Nairobi akiwa taniboi, msaidizi wa dereva, katika lori la mchanga. Siku moja lori hilo lilikwama mlimani, gia zote zimekataa isipokuwa ya kurudi nyuma, na dereva akalirudisha kinyumenyume mpaka kwenye kituo cha biashara huku Mbithi akining'inia mlangoni na kupiga kelele watu wapishe. Hapo ndipo alipoamua kwamba injini ni makelele tu, anayetawala gari ni giaboksi. Hadithi hii nimeisikia mara nyingi na kila mara mlima unaongezeka urefu, lakini lori lenyewe nililiona kwa macho yangu, kwa hivyo sehemu kubwa nakubali.

Watu wakisifu fundi hupenda kusema ni mnyenyekevu. Mbithi si mnyenyekevu. Anajisifu kuanzia asubuhi. Anaimba besi katika kwaya ya kanisa lake huko Waithaka na anaamini kwamba akikosa Jumapili moja, waliobaki wanasikika kama mzinga wa nyuki. Hufanya kazi akiwa na shati lililopigwa pasi, mikono imekunjwa juu ya viwiko, na jioni shati hilo lina doa moja au halina kabisa. Mafundi wenzake wanamwita Mheshimiwa kwa kumdhihaki. Anaitika.

Mimi nikimsifu mtu, kwa kawaida kuna kitu nataka kumuuzia. Mbithi sina cha kumuuzia, na ninayoyaandika hapa niliyaona nikiwa nimesimama.

Kiwanja alichokuwa akifanyia kazi huko Waithaka kilikuwa cha watu, na mwenyewe akaamua kujenga nyumba za kupangisha. Mawe yalianza kumwagwa, kisha vyuma, kisha vibarua wakaanza kukunja vyuma hivyo upande mmoja huku Mbithi akifungua giaboksi upande wa pili. Mwishowe akaambiwa aondoke mwezi ukiisha. Alitafuta. Palipokuwa na nafasi hapakuwa na umeme, palipokuwa na umeme udongo ulikuwa unageuka matope mvua ikinyesha, na giaboksi iliyofunguliwa haitaki matope wala vumbi. Fundi wa aina yake akikosa paa na sakafu huwa ameachishwa kazi, ingawa hakuna aliyemwandika.

Ndipo nikakumbuka banda la Mzee Gurjit.

Mzee Gurjit ni fundi, mwana wa fundi, na kwa miaka mingi alikuwa na gereji yake hapo Satellite, nyuma kidogo ya duka langu. Viungo vya vidole vilipoanza kumvimba hata akashindwa kushika spana ndogo, alifunga gereji na kuniuzia vipuri vyote vilivyobaki. Tulibishana siku nzima juu ya vipuri hivyo na tukaachana kwa heshima. Banda likabaki tupu: sakafu ya saruji, shimo la kuingilia chini ya gari, mabati yasiyovuja, lango lenye kufuli nzito. Watu walilitamani. Mmoja alitaka kuosha magari, mwingine kuweka kreti za soda, wa tatu alikuwa mhubiri mwenye vipaza sauti vyake tayari. Mzee aliwakataa wote. Alitaka palie spana.

Nilimwendea kwa niaba ya Mbithi. Tulikubaliana kodi, tukakubaliana nani atalipia umeme, nikadhani tumemaliza. Kumbe alikuwa amebakiza neno moja, na lilihusu gari la binti yake.

Ravneet, binti yake, anafanya kazi katika jengo moja la ofisi huko Upper Hill. Huendesha gari dogo la michezo la viti viwili, paa la turubai, lenye umri kumzidi yeye. Babake alilinunua likiwa mabaki na kulifufua wakati mikono yake ilikuwa bado mizima. Giaboksi ndiyo pekee ambayo hakuiweza, na miezi kadhaa iliyopita, kwa kupitia kwangu, Mbithi aliifungua akaitengeneza. Sasa mkono wa gia ulikuwa umelegea. Ravneet alisema unacheza kama mwiko ndani ya sufuria tupu.

Mzee hakumlaumu mtu. Aliniambia tu Jumamosi nije na Mbithi, atafute ugonjwa wa gari hilo hapo bandani, mbele yake. "Nataka kuona yeye akitafuta," alisema. "Kama ni uzee wa gari, nampa ufunguo siku hiyo hiyo. Kama ni kazi yake, hapana." Nikampelekea Mbithi maneno hayo kama yalivyo. Alicheka. Akaniambia nimwambie mzee aanze kutia mafuta kwenye kufuli.

Jumamosi ilifika. Gari lilikuwa katikati ya banda, jekundu, limepanguswa. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda na kilemba chake cha buluu, fimbo katikati ya magoti. Ravneet alisimama karibu na mlango, simu mkononi. Mbithi aliingia na sanduku lake la vyombo, akamsalimu mzee kwa mikono miwili, akazunguka gari lote bila kuligusa, kisha akaanza kumhoji Ravneet kama daktari.

Alitaka kujua kama ulegevu ulianza ghafla au polepole. Polepole. Kama ni gari likiwa baridi au moto. Wakati wote. Akiondoa mguu kwenye mafuta, mkono unaruka wenyewe? Hapana, unatulia tu. Hilo lilimpendeza, akanieleza pembeni kwamba kama ungeruka, basi zile raba zinazobeba injini na giaboksi zingekuwa zimechoka. Tumeondoa moja. Akauliza kama gia huwahi kutoka yenyewe. Ravneet akasema bado.

"Na ukiwa kwa jam, mkono unaweka wapi?"

"Kwa gia. Sasa nitauweka wapi?"

"Kwa mapaja. Hiyo si mahali ya kulalia, dada. Ukiilalia siku yote inachoka kama bibi wa mtu."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikatikisika. Ravneet hakucheka sana.

Ndipo Mbithi akaingia kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, akakanyaga klachi na kushika kichwa cha mkono wa gia kwa vidole viwili tu. Hiyo ndiyo namna yake. Anasema ukishika kwa kiganja unasikia nguvu zako mwenyewe, ukishika kwa vidole viwili unasikia gari. Akaanza kuguna noti za chini za wimbo fulani wa kwaya. Aliusukuma mkono kushoto na kulia ukiwa huru: ulicheza. Akatia ya kwanza: ulicheza. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya kurudi nyuma: ulicheza kote sawasawa.

Akavua ule mfuko wa ngozi unaofunika chini ya mkono, akalegeza kifuniko, akautoa mkono wote. Kwenye ncha ya chini, pale unapoingia kwenye fimbo inayokwenda kwenye giaboksi, kulikuwa na bushi ya plastiki, kikombe kidogo kisichozidi kizibo cha chupa. Ilikuwa imelika upande mmoja na kupasuka upande wa pili. Mbithi alimwendea mzee akamwekea bushi hiyo kwenye kidole, mzee akaizungusha, nayo ikazunguka kama pete ya mtu mwingine.

"Uzee," mzee akasema.

"Uzee," Mbithi akaitikia.

Nilikuwa nimekuja na mkebe wangu wa bushi, kwa sababu siendi mahali gari linapofunguliwa nikiwa mikono mitupu. Ya saizi hiyo ilikuwepo. Nilimuuzia Ravneet papo hapo, kwa bei ambayo babake aliinulia nyusi lakini hakuingilia. Mbithi akaitia grisi, akaibana, akarudisha kila kitu. Alipomaliza mkono ulisimama wima kama askari. Ravneet akaujaribu akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akawasha gari, akazunguka uani: ya kwanza, ya pili, akarudi nyuma, ya kwanza tena. Ua ni mdogo, hauruhusu zaidi. Akashuka akasema ni kama gari jipya.

Mzee Gurjit aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa lango na kuuweka juu ya boneti.

Katika biashara, kitu kikishawekwa mezani, unakichukua halafu unaongea. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono nimchukulie Mbithi ufunguo wake. Akaniambia ningoje. Akarudi ndani ya gari, akaniita niketi kiti cha abiria, akaniambia nishike mkono wa gia kwa vidole viwili.

Akatia ya kwanza. Nikausukuma, haukutikisika. Ya pili na ya kurudi nyuma, vivyo hivyo. Akatia ya tatu. Hapo nikausikia ukienda kidogo, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Si kama mwanzo, kidogo tu, lakini ulikwenda. Ya nne ilikuwa vilevile.

Aliacha kuguna. Kwa sauti ya chini akanieleza, na alieleza vizuri hata mimi muuza vioo nikaelewa. Bushi inatumikia gia zote. Kama ugonjwa ungekuwa bushi peke yake, dawa hiyo ingeponya gia zote. Hii imeponya ya kwanza na ya pili na ya nyuma, imeacha ya tatu na ya nne. Na ya tatu na ya nne zinasukumwa na uma mmoja ndani ya giaboksi, uma uliofungwa kwenye fimbo yake kwa bolti moja. Bolti hiyo aliifunga yeye.

Nikamwuliza itakaa muda gani hivyo. Akasema labda mpaka Krismasi, labda mpaka hapo Dagoretti Corner tu. Na ikiachia? Gia ya tatu inaweza kukataa kuingia, na hiyo ndiyo heri. Au inaweza kukataa kutoka, katikati ya magari.

Nilimpa maoni yangu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ufunguo ulikuwa pale kwenye boneti, hatua chache tu. Auchukue, ashukuru, amwambie Ravneet aliache gari hapo kwa ukaguzi wa bure. Jumatatu afungue, akaze, afunge. Gari lingepona, msichana angekuwa salama, banda lingekuwa lake, na hakuna ambaye angekosa usingizi. Sikuona kosa katika mpango huo na mpaka leo nauona ni mpango mzuri.

"Mama Norman," akasema, "wewe uza bushi."

Akashuka. Akasimama mbele ya mzee, mikono nyuma, kama mtu anayetaka kuanza wimbo.

"Mzee, ugonjwa ni mbili. Ya kwanza tumetibu. Ya pili iko ndani, na huko ndani niliingia mimi."

Mzee alionyesha gari kwa fimbo, maana yake fungua.

Katika gari hilo giaboksi hufunguliwa kutoka ndani, kwa juu. Mbithi alitoa viti vyote viwili, akatoa kile kifuniko kirefu cha katikati, akalegeza bolti za mfuniko wa giaboksi moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa mahali zilikotoka. Akauinua mfuniko mzima, uma zote zikining'inia zikidondosha oili, akaulaza juu ya meza na kuupangusa.

Kila uma umeshikwa na bolti, na kila bolti ina kitundu kichwani. Kitundu hicho ni cha waya. Waya hupitishwa hapo ukavutwa na kusokotwa, ili bolti isije ikajifungua yenyewe kwa mtetemeko. Bolti mbili zilikuwa na waya mgumu, unaong'aa, umesokotwa kama nywele za msichana wa shule. Ya tatu ilikuwa na kipande cheusi kilichokatika. Mbithi aliigusa bolti hiyo kwa kidole na ikazunguka.

Kipande kile kilikuwa bainding waya. Kila mtu Nairobi anaujua: ule waya laini mweusi wa vibarua, wa kufungia vyuma kabla ya zege kumwagwa. Unaukunja kwa vidole. Na hapa sharti nieleze kwamba tusi kubwa kuliko yote kinywani mwa Mbithi, tusi alilowatukania mafundi wa Waithaka mpaka wengine wakaacha kumsalimia, ni kumwita mtu fundi wa bainding waya. Mzee Gurjit alikuwa amelisikia. Mimi nimelisikia akimtupia mtu huku akimfukuza kiwanjani.

Akakichomoa kile kipande, akakiweka kwenye kiganja, akampelekea mzee.

"Hii ni yangu. Si ya mtu mwingine. Niliiweka nikijua ni nini."

Mimi nilijua habari ya siku hiyo. Mjomba wake alikuwa anazikwa Kathiani, na gari la waombolezaji lilipitia dukani kwangu kuchukua mchango kabla ya kwenda kumchukua yeye. Yeye ndiye angeongoza nyimbo, kwa hivyo halingeondoka bila yeye. Walimpigia honi pale langoni wakitaka kufika kabla ya giza. Mengine alinieleza baadaye: waya wake mzuri ulikuwa umekwisha kwa bolti mbili, na hatua chache kutoka kwake vibarua walikuwa na mzigo mzima wa waya mweusi. Akajiambia akirudi atafungua tena abadilishe. Kwetu matanga hayaishi kaburini, kuna mikutano ya ukoo na mambo ya shamba, na aliporudi Ravneet alikuwa amekwishachukua gari na kusifu kazi. Kwa hivyo nikaanza kumweleza mzee kwamba wiki hiyo kulikuwa na msiba.

Mbithi akanikata. "Usinitetee, Mama Norman. Gari haikufiwa."

Sasa Ravneet alikuja mezani akaitazama bolti, akaizungusha mwenyewe kwa ukucha.

"Mimi nashuka Ngong Road kila asubuhi na lori ziko nyuma yangu," alisema. Hakupandisha sauti. "Umeniweka huko na waya ya kufunga nyumba."

"Ndiyo."

"Miezi yote hii."

"Ndiyo."

"Na kama babangu hangekuita leo?"

"Haungejua. Hata mimi ningekuwa nimesahau."

Nimeishi kwa kubishana na watu. Najua kila kitu ambacho mtu hutupa kwenye mizani akibanwa: msiba, watoto, bei ya unga, vumbi la Waithaka, ushuhuda wa kanisani. Mbithi hakutupa kitu. Alisimama pale na shati lake safi, akamwachia msichana uzito wote wa maneno yake. Sikuwahi kuona mtu akifanya biashara mbaya namna hiyo, na sikuweza kuondoa macho.

Mzee Gurjit aliinuka, akaenda kwenye boneti, akachukua ufunguo na kuurudisha mfukoni. "Funga kwanza," alisema.

Mbithi alitoa msokoto mpya wa waya kwenye sanduku. Hakubadilisha ule mbovu tu, alikata na ile miwili mizuri, akaanza upya bolti zote tatu. Mzee alisimama juu yake akitazama. Vidole vyake haviwezi tena kusokota waya, lakini macho yake hayajastaafu. Kwenye bolti ya pili alisema waya unavuta upande usiofaa: ukivuta vibaya unasaidia bolti kufunguka badala ya kuizuia. Mbithi ambaye hajawahi kukubali kurekebishwa hata na mwalimu wa kwaya alikata waya akarudia. Walipokubaliana, mfuniko ukarudi, viti vikarudi, na mzee akamgeukia binti yake. Akasema gari ni lake na roho iliyokuwa barabarani ni yake, kwa hivyo neno ni lake pia.

Ravneet akamwambia Mbithi aingie.

Waliondoka wawili kuelekea Barabara ya Ngong, paa limefunguliwa, Mbithi ameshika mlango. Nilibaki na mzee. Nilijaribu kidogo. Nikamwambia mafundi waliopitia gereji yake ni wengi, na sidhani mmoja wao aliwahi kumletea kosa lake mkononi kama sahani ya chai. Akanitazama chini ya kilemba. "Mama Norman, usiniuzie mtu," akasema. Nikanyamaza, kwa sababu najua bei iliyokwisha kukataliwa inavyosikika.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Gari lilikuja kwa gia ya tatu, likashushwa ya pili langoni, likasimama. Shati la Mbithi lilikuwa limelowa mgongoni na upara wake ulikuwa na vumbi. Baadaye aliniambia kwamba amepanda malori ya mchanga yasiyo na breki, lakini hajawahi kuendeshwa hivyo. Ravneet alitia ya tatu na ya nne kwenye kila nafasi iliyopatikana, na kila alipobadilisha gia alimtazama usoni badala ya kutazama barabara.

"Apewe banda," Ravneet alimwambia babake. "Lakini hakuna mfuniko itafungwa hapa kabla mwenye gari aje aangalie ndani. Kila gari. Asipokuja, haifungwi."

Kwa Mbithi hilo lilikuwa kama kuambiwa aimbe akiwa amevua shati. Akapinga. Akasema watu hawajui wanachotazama, watasimama pale kama mbuzi kwenye lango la benki. "Wataelewa nini huko ndani?"

"Waya wataielewa," Ravneet akasema.

Mbithi alitazama sakafu ya saruji, akatazama mabati, akatazama lile shimo la kuingilia chini ya gari. Kisha akafungua kiganja, na Ravneet akauchukua ufunguo mfukoni mwa babake akampa.

Sasa yuko hapo. Ukipita Satellite wakati wa chakula cha mchana utakuta watu wa ofisi za Upper Hill, viatu vinang'aa, tai zimetupwa begani zisiguse oili, wameinama juu ya giaboksi na tochi. Mbithi amegeuza sharti hilo kuwa mimbari. Anawaonyesha kila uma, kila bolti, anawaambia wavute waya kwa kidole waone kama utacheza. Wengine hupiga picha. Wengine huuliza maswali ya kijinga naye huwajibu kama yalivyo. Mzee Gurjit huja na kigoda chake akakaa karibu, na akikohoa Mbithi hurudia kutazama alichofunga.

Siku hizi nauza pia magari ya watu kwa kamisheni, na mwezi uliopita nilikuwa na mnunuzi wa gari fulani lililokuwa hapo bandani. Kazi ilikuwa imekwisha, mfuniko tu ndio ulibaki wazi, umefunikwa kitambaa safi, kwa sababu mwenye gari alikuwa Mombasa na alikuwa amesema kwa simu, kwa matusi, kwamba hana haja ya kutazama vyuma. Mnunuzi wangu alikuwa na haraka. Nilikwenda mwenyewe. Nilimkumbusha Mbithi nani alimtafutia banda hilo. Nikamwambia nitatazama mimi kwa niaba ya mwenyewe, anipe tochi.

"Wewe si mwenye gari, Mama Norman."

Nikabishana mpaka koo likakauka. Alinivutia kigoda cha mzee, akaniagizia chai, na mfuniko ukabaki wazi. Mnunuzi wangu alienda akanunua gari lingine kwa mtu nisiyempenda. Mwenye gari alirudi kutoka Mombasa, akatazama ndani muda wa kupiga chafya, akasema sawa, Mbithi akafunga.

Wiki iliyofuata nilipata gari lingine lenye gia mbovu. Kuna mafundi wanne kati ya mahali lilipokuwa na banda lile, na wote ni wepesi kuliko yeye. Nililivuta mpaka kwa Mbithi.